Kijiti cha Mzee Yohane

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baba mdogo Silvester amerudi kutoka kwa Mzee Kalinga. Alikwenda kama mshenga wangu, amevaa koti langu, kwapani jogoo. Amerudi na koti. Jogoo kabaki. Nikadhani dalili njema.

Si njema. Mzee Kalinga hakukataa. Angekataa ningejua pa kuanzia. Alisema binti yake Goodness ni mtu mzima, amenichagua mwenyewe, hana neno. Ila yeye kama baba anataka kuelewa kitu kimoja: huyu Sosthenes anafanya kazi gani? Maana alipita studio kwangu akachungulia dirishani. Aliona magodoro yamegongelewa ukutani na mtu mmoja kavaa vitu masikioni, anatikisa kichwa. Mezani kompyuta. Meza aliitambua. Aliitengeneza yeye.

Baba mdogo akamweleza kwamba mimi ni prodyuza, narekodi muziki. Kwa kutumia nini? Kompyuta. Mzee akasema hata mjukuu wake anayo kompyuta, na hajaoa.

Mzee Kalinga ni seremala. Kwake kazi ni kitu unachokigonga kwa kiganja kikaitika.

Na kama vile hiyo haitoshi, Isakwisa! Jamaa katoka Mbeya, kafungua studio ng'ambo ya barabara, hapa hapa Mlandege, mlango kutazama mlango. Leo kashusha miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Ndefu kama jeneza! Wanaume wanne wameibeba. Wauza nyanya wamesimama kuangalia. Mmoja kaniuliza yangu itafika lini.

Sasa, kwaya ya usharika inatimiza miaka hamsini. Wanatafuta studio ya kurekodi albamu ya jubilei. Mwenyekiti wa kwaya ni nani? Mzee Kalinga, mwimbaji wa sauti ya nne. Nikiipata kazi hii ataniona nafanya kazi kwa macho yake mawili, na Goodness nimempata. Akiipata Isakwisa, nimekwisha.

Nimekaa nikafikiri kama mtu mzima. Kesho asubuhi namfuata Mzee namweleza ukweli. Kwamba siku hizi miksa nzima imo ndani ya kompyuta, kila sauti ina mstari wake pale kwenye kioo, unaipandisha, unaishusha, unaisafisha. Ni mtu wa ufundi, ataelewa.

Baadaye. Nimepata wazo zuri zaidi.

Jumatano, 4 Juni

Igawa. Kuna kanisa dogo kando ya barabara kuu ambalo radi ililipiga masika ya mwaka juzi, miksa yao ikafa. Nilikuwa nimesikia habari hiyo kwa mpiga kinanda mmoja. Miksa iliyokufa haina tofauti na iliyo hai ukiitazama kutoka nje!

Nimeikuta uani kwa mchungaji. Vijiti ishirini na vinne vya kupandisha na kushusha sauti, vimejipanga vizuri. Juu yake kuku analalia mayai. Mchungaji ni mtu mwaminifu. Alinionya mara mbili kwamba hiyo mashine haifanyi kazi, asije akaonekana kanitapeli. Nikamwambia nataka vipuri vya kutengenezea nyingine. Akafurahi. Akaiombea. Aliomba kila kipande kikawe baraka huko kiendako. Nikaitikia amina huku natazama chini.

Kuku aligoma kuondoka. Alinitazama kwa jicho moja muda mrefu. Nadhani ndiye pekee aliyenielewa.

Nimerudi na lori la mchele. Dereva kauliza kama ni kinanda. Nikasema ndiyo, kwa kuchoka. Tulipofika Makambako kaomba nimpigie wimbo mmoja. Nikamwambia kina baridi.

Ijumaa, 6 Juni

Tangu jana nasugua mavi ya kuku kwa mswaki. Harufu imegoma. Nimemwaga dawa ya choo. Sasa inanuka kama choo cha kuku.

Ndani nimeweka taa za Krismasi na chaja ya simu. Ukichomeka ukutani, zinawaka nyekundu na kijani kwenye vile vitundu. Tatizo, zinakonyeza. Sijaweza kuzizuia.

Kamati ya kwaya imekuja. Mzee Kalinga mbele, nyuma yake Mama Severina, mlezi wa kwaya, ambaye neno lake halivukwi. Walitoka kwanza kwa Isakwisa. Mzee alisimama mbele ya miksa yangu. Akaigonga kwa kiganja. Ikaitika!

"Hii sasa," akasema.

Akauliza taa zinakonyeza nini. Nikamjibu zinaonyesha sauti inavyopumua. Mama Severina akauliza mbona anasikia harufu ya kuku. Nikasema nimetoka kula. Kisha nikawaeleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba vijiti vya kwanza ni sauti ya kwanza, vinavyofuata sauti ya pili, na kuendelea. Ningenyamaza hapo. Lakini Mzee akauliza, kwa upole, kama mtoto, kipi hasa ni chake.

Ningesema hakuna cha mtu. Nikasema: "Hiki hapa, Mzee. Hiki ni chako peke yako."

Alikitazama namna ile mtu anavyotazama kiwanja chake. Kazi nimepata! Kompyuta nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cha meza, isilete maswali.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Imetangazwa kanisani. Kwaya itarekodi kwangu. Watu wamegeuka kunitazama. Nimejifanya natafuta wimbo kwenye kitabu.

Baada ya ibada, kikao cha dharura cha kwaya. Ajenda: vijiti. Habari zilishaenea kwamba Mwenyekiti ana kijiti chake, na kila mwanakwaya anataka chake. Vijiti ni ishirini na vinne, wanakwaya ni thelathini na kitu. Basi wengine washirikiane. Nani na nani? Mama Severina hawezi kuwa kijiti kimoja na Mama Tusajigwe, hawasemeshani tangu ile kitchen party ya Mafinga. Wa sauti ya pili wakasema wao siku zote ndio wanaobanwa. Wakapiga kura. Kwa kunyoosha mikono! Juu ya vijiti ambavyo kuku amevilalia!

Aliyenyamaza ni mmoja tu, Mzee Yohane wa sauti ya tatu. Ndiye mzee kuliko wote, mmoja wa walioianzisha kwaya. Mkewe alifariki, watoto wako mbali, Jumanne na Jumamosi yeye ndiye wa kwanza kufika mazoezini na ndiye anayefungua madirisha. Alisema yeye hana haja ya kijiti, atakaa popote na yeyote. Wakampa chake mwenyewe kwa heshima. Alishukuru kwa kuinama. Moyo ulinichoma kidogo. Nikadhani ni njaa.

Nimeandika majina yote kwenye plasta na kuyabandika.

Goodness alinisindikiza hadi studio. Yeye anaimba sauti ya kwanza na ana macho kama ya baba yake. Akauliza ule waya mnene wa nyuma unakwenda wapi. Nikasema ukutani. Akasema ukutani kuna godoro. Nikamwambia haya mambo nitamwelezea tukishaoana.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya kurekodi. Nataka kuisahau, kwa hiyo naiandika upesi.

Mimi nina maiki mbili. Moja inakoroma. Ile nzima niliitundika katikati, nikawapanga nusu duara, wakaimba wote kwa pamoja. Waliimba vizuri! Maiki moja, mstari mmoja kwenye kompyuta, niliyoiendesha kwa kuingiza mkono chini ya kitambaa. Sauti zote humo humo. Kumtenga mmoja na mwenzake baada ya hapo ni sawa na kutoa chumvi kwenye mchuzi.

Tukasikiliza. Mzee Kalinga akasema hajisikii. Nikaiendea miksa, nikakunja mikono ya shati, nikakisukuma kijiti chake juu, taratibu, nimekunja uso. Wimbo ukarudiwa, ule ule, bila kubadilika hata chembe. Mzee alifumba macho.

"Sasa nipo," akasema.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila mtu akataka kuwepo. Nikasukuma, nikasukuma. Wa sauti ya pili wakasema kweli, leo kwa mara ya kwanza tunajisikia. Mama Severina alipotoka kidogo, mtu akashusha kijiti chake. Aliporudi akakikuta chini akamtazama Mama Tusajigwe, na Mama Tusajigwe akatazama dari. Nilicheka moyoni. Nilijiona mjanja.

Tukaenda kunywa chai uani. Tuliporudi, Mzee Yohane alikuwa ametangulia, amesimama mbele ya miksa, kofia mkononi. Vijiti vyote vilikuwa juu. Chake kilikuwa chini kabisa, mwisho wa njia. Sijui nani alikishusha. Labda koti la mtu lilikigusa. Labda si koti.

Aliomba asikilize wimbo hivyo hivyo ulivyo. Nikaucheza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanisogelea, akaniuliza polepole ili wengine wasisikie: "Mwanangu, kwani mimi naharibu?"

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache tu: hiki kitu kimekufa, Mzee. Lakini Mzee Kalinga alikuwa pale pale, kiganja juu ya miksa, kama mwenye mali.

Nikamwambia hapana, ni mambo ya kupanga tu.

"Kupanga," akasema. Akavaa kofia yake.

Jumatano, 11 Juni

Mzee Yohane ametuma salamu kwamba anapumzisha sauti. Wanaomjua wanasema hakuwahi kupumzisha sauti hata mwaka aliovunjika mguu.

Nimekwenda kwake. Nilikuta anapukuchua mahindi juani, baridi kali, kajifunga blanketi. Nikamsalimu "kamwene", akaitika kwa furaha kama vile nimekuja kumposa yeye. Akaniletea viazi vitamu vya moto na chumvi. Nikaanza kumzunguka na maneno. Nikamwambia mitambo nayo wakati mwingine ina mambo yake.

Akanikatiza kwa upole. Alisema amelala akifikiri, na amenishukuru katika sala. "Miaka yote hawakuniambia kwa sababu wananipenda. Mtambo haumpendi mtu, wala haumchukii. Umesema kweli, basi."

Kiazi kilinikwama. Nikameza. Nikala na kingine, kwa sababu mdomo ukiwa umejaa hauwezi kusema. Akanifungia vingine nimpelekee Goodness.

Mimi ni mtu wa hovyo. Nimeandika hapa ili nisome kesho.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesoma. Bado ni kweli.

Isakwisa kaja kuniomba kamba ya umeme ya kuongezea. Nilijaribu kusimama mlangoni nimzibe, lakini ni mrefu. Akaiona miksa. Akanusa. Aliinama akatazama nyuma yake, pale ule waya mnene unapoingia chini ya godoro na kuishia hapo. Nilijua amejua. Wakati huo huo Mzee Kalinga akaingia kuuliza habari za albamu!

Nilifumba macho nikasubiri. Isakwisa akamwamkia Mzee shikamoo, akasema hii miksa ni ya zamani, ya mbao nzuri pembeni, siku hizi hawatengenezi tena. Mzee akaanza kupapasa mbao. Isakwisa akaondoka na kamba yangu. Mlangoni akaninong'oneza kwamba ana maiki za akiba, kama nikihitaji nisione haya kuvuka barabara. Akasema ndaga kwa ile kamba, ahsante ya kwao Wanyakyusa.

Simpendi mtu huyu! Angenicheka ningejua la kufanya. Mzee alipouliza alifuata nini, nikasema kaja kuiba ujuzi.

Jumamosi, 14 Juni

Tumerekodi wimbo wa tatu bila Mzee Yohane. Sauti ya tatu ikapotea. Walianza pamoja, kufika kiitikio kila mmoja yuko kijiji chake. Tukarudia. Tukarudia tena. Kumbe wote walikuwa wanamsikiliza yeye! Hawakujua. Mmoja alisema yeye alikuwa anatazama tu bega la Mzee Yohane likipanda, ndipo anaingia.

Halafu Mama Severina akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Mpandishe Yohane."

Nikamwambia Mama, leo Mzee Yohane hayupo. Akasema anajua, lakini kijiti chake kipo, nikipandishe. Wote wakaniangalia. Watu wazima. Nikakipandisha. Nikacheza ule wimbo tuliorekodi leo, ambao Mzee Yohane hajaukaribia.

Walisikiliza wameinamisha vichwa. "Huyo hapo," akasema Mama Tusajigwe. Mama Severina akamkubalia, na hao hawajakubaliana tangu Mafinga. Mtu mmoja alijifuta macho. Mzee Kalinga akasema wamemkosea mwenzao, aliyekishusha kijiti kile anajijua. Niliona aibu mpaka masikio yakauma. Nilitamani yule kuku anipishe nikae mimi pale nilalie mayai.

Walipotoka, Goodness alibaki. Akauliza kama wimbo unaweza kuchezwa tena. Nikaucheza. Akaenda ukutani, akachomoa miksa. Taa zikazima. Wimbo ukaendelea, safi kabisa.

Hakupiga kelele. Alisema Mzee Yohane ndiye aliyemshika mkono akiwa mdogo akamfundisha do re mi. Akasema: "Nenda umwambie mwenyewe kabla ya ibada kesho. Si mimi nitakayemwambia. Ukishindwa, usimtume tena mshenga kwetu."

Nitamwambia. Naapa. Yote!

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia. Karibu yote.

Nilifika kwa Mzee Yohane asubuhi na mapema, nikamkuta kafunga tai anajiandaa kukaa kule nyuma na watu wasioimba. Mdomo ulifunguka vizuri. Nikasema, Mzee, kile kijiti kilikuwa kibovu. Uso wake ulifunguka kama dirisha! Akauliza, vijiti vyote? Na hapo, Mungu wangu, nikaona njia ya kupita. Nikasema hapana Mzee. Chako tu.

Kwani si kweli? Chake kilikuwa kibovu. Sijasema uongo. Nimepunguza tu.

Alinikumbatia. Akaenda kanisani akakaa na kwaya, akaimba, sauti ya tatu ikasimama. Goodness alinitazama kutoka mbele akatabasamu. Nilijiona nimefika. Wakati wa matangazo Mzee Yohane akaomba kusema neno. Akaushukuru usharika, akanishukuru mimi kwa kuwa mkweli, akaeleza mbele ya watu wote kwamba kijiti chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo wasigombane, hakuna aliyekosa.

Tabasamu la Goodness likaondoka.

Mama Severina akanyoosha mkono. Katikati ya matangazo! Akauliza: kama cha Yohane kilikuwa kibovu na hatukujua, nani anajua vyetu?

Baada ya ibada kamati nzima ilitembea hadi studio, na kwaya nyuma, na watoto nyuma ya kwaya. Wakamwita Isakwisa afungue, kwa kuwa ni fundi na hana upande. Isakwisa alinitazama kwanza. Alinipa nafasi niseme mwenyewe. Nilikagua godoro. Akatoa skrubu, akainua kifuniko.

Chaja ya simu. Taa za Krismasi. Manyoya. Mtoto mmoja akachomeka ukutani, taa zikaanza kukonyeza, nyekundu, kijani, zimechangamka.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Mzee Kalinga aliondoa kiganja chake juu ya mbao, polepole, kama imekuwa ya moto. Mama Severina na Mama Tusajigwe walitazamana, nadhani wakikumbuka nani alishusha nani. Mzee Yohane ndiye aliyesogea karibu.

"Siku ile unakula viazi kwangu," akaniuliza, "ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo. Ni neno la kweli la kwanza nililolisema tangu Igawa. Lilitoka limechelewa, halikumsaidia mtu. Alitikisa kichwa vile vile alivyotikisa siku ya kurekodi, akatoka. Goodness akamfuata, akamshika mkono kuvuka barabara.

Jumatatu, 16 Juni

Sijafungua mlango. Nimelala chini ya godoro la ukutani. Wauza nyanya wanasikika wakieleza wapita njia. Kila nikifumba macho namwona Mzee Yohane kafunga tai.

Mchana mtu kagonga. Mzee Kalinga, peke yake. Nikampa kiti, nikabaki nimesimama. Hakunitukana. Alisema anataka kuona ni nini hasa kilichorekodi kwaya, maana nyimbo zipo na amezisikia.

Nikatoa kitambaa cha meza juu ya kompyuta. Nikamwonyesha programu. Sauti zao zimelala kwenye kioo kama vilima vya njia ya kwenda Kilolo. Nikamwonyesha namna ya kukata kikohozi, namna ya kuongeza mwangwi wimbo ukasikika kama uko kanisa kubwa. Akaniomba nirudie ile ya kikohozi. Akaijaribu mwenyewe. Alikata kikohozi chake! Akasogeza kiti. Tulikaa mpaka jua likahama dirishani.

Kisha akaniambia aliongea na Isakwisa. Na Isakwisa kamwambia hata yeye kazi yote anaifanyia kwenye kompyuta, ile miksa ndefu inapokea maiki nyingi tu, basi. Na kwamba nyimbo hizi zimepangwa na mtu mwenye sikio.

"Nilikuuliza kazi yako kwa sababu nilitaka kuijua," akasema. "Ungenionyesha hii."

Ningeweza kufa pale pale juu ya meza yake.

Albamu inakwenda kwa Isakwisa. Kuhusu Goodness, Mzee amesema hilo si lake tena. Ni la Mzee Yohane. Siku Mzee Yohane atakaposema ameridhika na mimi, mshenga aje.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Yohane na Baba mdogo Silvester. Tulibeba mbuzi wa kuombea msamaha, kama inavyotakiwa. Nilipiga magoti kwenye mahindi, yanaumiza. Nikasema yote, safari hii bila kupunguza. Kuku, mchungaji, radi, chaja. Kwenye habari ya kuku nilimwona anauma mdomo asicheke.

Mbuzi alimrudisha. Akasema yeye hataki kitu, ila ana ombi. Nisimame naye kwenye kwaya, bega kwa bega, sauti ya tatu. Mazoezi ya Jumamosi. Anataka watu wanisikie nikitoa kitu kilicho changu mwenyewe. "Sauti yako tu, mwanangu. Hata ikiwa ndogo. Ya kweli inatosha." Halafu akaniuliza kama naimba.

Baba mdogo alinitazama kwa hofu. Anajua. Shule ya Jumapili mwalimu aliniambia niache kuimba nishike ngoma, kisha akaichukua na ngoma. Sauti yangu hukwaruza. Ni kwa ajili hiyo nilijifunza kompyuta.

Mzee alikuwa anasubiri, ananitazama kwa wema wote wa dunia. Nilishindwa kumvunja moyo mara ya pili.

Nikasema naimba vizuri tu.

Jumamosi, 21 Juni

Mazoezi ya kwanza. Nilifika mapema, nikamsaidia Mzee Yohane kufungua madirisha. Walinipokea kwa ubaridi, lakini walinipokea. Mama Severina alinisogeza mstari wa pili. Mzee Yohane akanipa sauti ya kuanzia, bega lake likapanda, tukaingia.

Nilijaribu. Mungu ni shahidi, nilijaribu neno moja. Mtu wa mbele yangu aligeuka kama amekanyagwa. Nikafunga koo.

Basi nikagundua jambo. Ukifungua mdomo sana, ukapandisha nyusi, ukavuta pumzi pale wenzako wanapovuta, na usitoe chochote, huwezi kutofautishwa! Nikaimba nyimbo zote hivyo. Mpaka jasho. Ubeti wa mwisho nilitikisa na kichwa.

Tulipomaliza, Mzee Yohane aliweka mkono begani mwangu. Akamwambia Mzee Kalinga mbele ya wote kwamba kijana ana sauti laini, haina majivuno, inaingia kati ya wenzake kama maji. Ameridhika. Mzee Kalinga akasema hata yeye kule sauti ya nne aliisikia. Mshenga anaweza kuja Jumapili ijayo. Goodness alinisubiri nje ya kanisa, macho yana maji. Aliniambia leo, kwa mara ya kwanza, amenisikia mimi mwenyewe.

Aibu ilinishika kuanzia nyayo. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia ahsante.

Kuna kikwazo kidogo tu. Ijumaa tunarekodi kwa Isakwisa, na Isakwisa anamrekodi kila mtu peke yake, chumba chake, maiki yake. Hili halinitishi. Nimeanza kukohoa tangu jioni hii, kidogo kidogo, ili mpaka Ijumaa watu wawe wameshazoea.